Kwenye Msumeno Hakuna Hodi

Kwangu mimi, mtu akiwa kwenye msumeno wa meza hasalimiwi. Hata kama hamjaonana mwaka mzima, hata kama umeleta habari ya harusi, utasimama kando ungoje diski ya meno isimame. Wateja wapya huondoka wakisema yule mama hana adabu. Waseme. Wanarudi hao hao na vipimo vya kabati mkononi, maana kabati likitoka kwangu mlango wake hufunga.

Sheria hiyo sikuitunga mimi. Niliirithi kwa fundi aliyenifundisha kazi, mzee mmoja aliyekuwa na kidole gumba kizima na kingine nusu. Alikuwa anapasua ubao asubuhi, jirani akapita dirishani akamuuliza ameamkaje. Akageuza shingo aseme ameamka salama. Neno hilo hakulimaliza. Tangu hapo kila mwanafunzi aliyeingia karakanani kwake alionyeshwa kile kidole kwanza, kabla ya randa na kabla ya nyundo, akaambiwa kwamba salamu ni kitu kizuri sana lakini mashine haingoji watu wajuliane hali. Nami nilionyeshwa, nikiwa msichana mwembamba peke yangu katikati ya wanaume waliokuwa wakisema nitachoka kabla ya mwezi kuandama. Wao ndio waliochoka. Karakana leo ni yangu.

Sasa niwape habari ya mtoto wa kaka yangu, maana hadithi ni yake, mimi nimo kama chumvi tu. Kaka alipofariki alimwacha huyu binti ndiyo kwanza anamaliza shule. Mimi sikujaliwa kuzaa, nikasema basi, huyu wangu, na asije mtu kunijadili. Mtaani wanamwita Taratibu. Jina lilianza kwa kumcheka, kwa sababu anapima, anapima tena, anachomeka penseli sikioni, anaugeuza ubao juu chini kama mtu anayechagua kitambaa cha nguo ya sikukuu, ndipo anasogea kwenye mashine. Siku za mwanzo nilimpigia kelele sana. Mdomo ninao, sijifichi. Lakini ubao ukishakatwa na Taratibu haukatwi mara ya pili, na nilipoliona hilo nikaufunga huo mdomo.

Msumeno nilimfundisha kidogo kidogo. Nilimwambia kupasua na kukata si kitu kimoja, ingawa kwa mtu wa nje yote ni kelele na vumbi. Kupasua ni kufuata nyuzi za mti. Ubao unalala bapa juu ya meza, ukingo wake ulionyooka umeegemea reli ya pembeni, na meno ya diski yanachungulia kidogo tu juu ya ubao. Hakuna haja ya kuyainua yote kama bendera. Husimami nyuma ya ubao, unasimama kando yake, kwa sababu ubao ukibanwa kati ya diski na reli unarushwa kinyumenyume, na hapo ndipo mtu hujua kwa nini wazee walisema shukrani ya punda ni mateke. Kipande kikiwa chembamba, mkono unabaki mbali, kijiti cha kusukumia ndicho kinachokwenda. Kukata ni kukatiza hizo nyuzi. Hapo ubao unaegemea kipimo cha pembe, kile kinachoteleza kwenye mfereji wa meza, na reli unaisogeza huko mbali. Ukivitegemea vyote viwili kwa pamoja, kipande kinakwama katikati na kuruka. Nikamwambia mafahali wawili hawakai zizi moja. Alicheka, lakini sijawahi hata siku moja kumkuta ameviweka pamoja.

Basi akatokea muuguzi. Kijana wa zahanati ya pale karibu, alikuja kuagiza kabati la dawa. Alikuta msumeno unanguruma, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama, akasimama. Alisimama mpaka unga wa mbao ukazigeuza nywele zake kuwa za babu yake. Nikajisemea moyoni, huyu ama ana subira, ama ana mpango. Kumbe alikuwa na vyote viwili. Kabati la dawa lilipokwisha akaagiza rafu, rafu ilipokwisha akaagiza kigoda, na siku alipouliza kama tunatengeneza fremu za picha nilimwambia, kijana, sema unachotaka, mbao zinakwisha. Akasema. Taratibu akaingia nyuma ya rundo la mbao, na sikuwahi kumwona mtoto yule anacheka peke yake namna ile.

Kilichobaki kilikuwa wazazi wa kijana. Mama yake hakuwa na neno. Baba yake alikuwa ndiye Mzee Hamjambo.

Huyu mzee alikuwa msimamizi wa soko mpaka alipostaafu. Kila asubuhi alipita meza kwa meza akisalimia, wa mchicha, wa viatu, wa betri za saa, hakumruka mtu. Sauti ya kuitika kwako ilimtosha kujua kama umelala njaa au mtoto anaumwa, na kama ni hivyo, angerudi baadaye akuulize polepole. Ukimpita kimya, alikuita urudi uanze upya. Mji mzima unamwita Hamjambo na yeye mwenyewe analipenda jina hilo. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema tu kwamba mtu wa namna hiyo na karakana ya namna yangu ilibidi wakutanishwe kwa uangalifu, na ndiyo maana tulipanga Jumapili, siku ambayo mashine zimelala.

Mzee hakungoja Jumapili. Alitaka amwone mkwe akiwa kazini, kabla hajapambwa. Alikuja katikati ya juma, asubuhi, amevaa koti lake la heshima, hajamwambia mtu, hata mwanawe.

Mimi nilikuwa uani nyuma, nabana miguu ya meza kwa klampu, gundi imenijaa vidoleni. Ndani Taratibu alikuwa anapasua. Nikasikia hodi kwa mbali chini ya ngurumo, nikasema moyoni atangoja kama wengine. Ikaja ya pili. Ya tatu ilitokea ndani kabisa, nikainua kichwa nikachungulia mlangoni, na roho ikaniruka.

Ubao aliokuwa nao ulikuwa mgumu, mwekundu, mrefu kuliko yeye mwenyewe, nusu umekwisha kupasuka na nusu bado. Ukifika hapo hakuna kuachia. Ukilegeza mkono, ubao unapinda kidogo tu, unaminywa, na punda anarusha teke. Mzee Hamjambo alikuwa amesimama nyuma yake, palepale ambapo teke lingefikia, kofia mkononi, anatabasamu. Alikuwa anasema binti, nimesema hamjambo hapa. Taratibu hakugeuka. Tabasamu la mzee likaondoka, akasogea hatua nyingine, akainua mkono amguse bega.

Nilitupa klampu. Kupiga kelele sikuweza, maana kelele yangu ingemshtua mtoto kuliko mkono wa mzee. Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka mtaa wa pili, nilikimbia kimya kama mwizi, nikamkamata mzee wa watu kwa ukosi wa koti na kumvuta kando kwa nguvu zangu zote. Kofia ikaanguka kwenye maranda.

Taratibu alisukuma ubao mpaka mwisho. Akachukua kijiti, akamalizia kile kipande cha ndani mpaka kikapita diski kabisa, akazima swichi, akangoja meno yasimame kabisa. Ndipo akavua miwani ya kazi, akafuta mikono, akaokota kofia akaipangusa, akainama mbele ya mzee na kumnyooshea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

Mzee alichukua kofia. Akanyoosha ukosi wake, uliokuwa sasa na alama za gundi za vidole vyangu. Alimtazama binti, akanitazama mimi, akaondoka. Marahaba hakuitoa. Mtu aliyewaitikia mpaka wezi wa sokoni, alimwacha mwanangu ameinama na salamu yake mdomoni.

Niliumia, sitaficha. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na la kumwonyesha. Kama ubao ungeruka, kama kidole kingekatika, mzee angeelewa bila maelezo. Lakini mtoto aliifanya kazi yake sawasawa, kwa hiyo hakikutokea kitu, na ajali isiyotokea haina shahidi. Alichokiona yeye ni msichana asiyeitika na mwanamke mwenye gundi anayekaba wageni.

Jioni muuguzi alikuja, uso umemshuka. Alikuwa amejaribu kumweleza baba yake habari za msumeno, na baba yake amesema mashine hazikuanza leo, hata sokoni kulikuwa na za kusaga nafaka na watu waliitikiana vizuri tu. Kiziwi angemsamehe, alisema. Lakini mtu anayeona mkubwa wake amesimama anabisha hodi na akanyamaza, je, siku yeye mzee akiwa kitandani anaita, huyo ataitika? Akataka binti na shangazi yake waende nyumbani kwake Jumamosi waseme wamekosa. Wasipokwenda, Jumapili hakuna mgeni atakayekuja kwetu, na yeye hatamzuia mwanawe kwa kamba, lakini baraka zake asizitegemee.

Damu ilinichemka. Nilisema aende akatafute mkwe sokoni, huko wanaitika wote. Nilisema mengine pia ambayo muuguzi, kwa heshima, alijifanya hakuyasikia. Alipoondoka nikageuka, nikamwona Taratibu anafagia. Anafagia pale pale, mahali palipokwisha kufagiliwa, na maranda hayapo. Hasira ikanitoka yote. Nilijua anampenda yule kijana, na nilijua vilevile kijana hakuwa mtu wa kuoa bila baraka za baba yake na kulala usingizi.

Nikaketi kwenye kigoda, nikameza mate machungu. Nikamwambia mwanangu, twende tukaseme hilo neno. Kuomba radhi hakumpunguzii mtu kilo. Mimi nitaanza, maana nimemshika mkubwa ukosi, wewe utafuata, Jumapili watakuja na mambo yataisha. Nilijishangaa mwenyewe nikisema hivyo. Kwa ajili yake ningeweza kusema nimekosa hata kwa jambo ambalo ningelirudia kesho.

Taratibu aliegemeza ufagio ukutani.

"Shangazi, nikisema nimekosa, siku nyingine atanisalimu tena na atangoja niitike. Na mimi nitakuwa nimeahidi."

Nilimfundisha kupima mara mbili kabla ya kukata, sikujua kwamba atapima na maneno. Nilijisikia fahari mpaka nikakasirika, kwa sababu fahari ile ingeweza kumkosesha mume.

Jumamosi tulikwenda. Nyumba yao ni safi, viti vina vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, redio imefunikwa, na ukutani kuna picha ya soko siku lilipoezekwa mabati mapya. Kiti nilichopewa kilikuwa kinacheza mguu mmoja, nikajizuia nisikipindue nikitazame. Mzee alikaa mbele yetu, muuguzi amekaa kando yake kama mtuhumiwa. Salamu za mlangoni alizipokea mke wake, mzee akajitia anatafuta miwani.

Nilianza mimi. Nilimwambia koti nitalifua mwenyewe na ukosi nitaupiga pasi, na kwamba sikukusudia kumdhalilisha. Nikasema pia kwamba akisimama tena pale nitamshika tena. Muuguzi alifumba macho. Naam, ndivyo nilivyoomba radhi, na kwangu mimi ilikuwa kazi kubwa.

Kisha Taratibu akasema yake. Sauti yake haikupanda.

"Nilikusikia, baba. Hodi nilizisikia zote, na uliponiita binti nilisikia. Nilitaka sana kuitika. Naomba radhi kwa kukuumiza. Lakini siwezi kusema nimekosa, kwa sababu si kweli."

Mzee aliinama mbele kitini. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kumbe hilo halikuwa kichwani mwake. Nadhani kwa siku zote hizo alikuwa amechagua kati ya mawili, kwamba hakusikia au alimdharau, na sasa binti amemwekea la tatu mezani na hajui alishike wapi. Aliitazama mikono ya binti, mikono ile midogo yenye vidole vyote kumi, kisha akatazama picha ya soko. Taratibu akamwambia kwamba karakana iko wazi, na kama akipenda kuja, asimame karibu na dirisha, mbele kidogo ya meza, ambapo yeye anaweza kumwona bila kugeuza shingo. Hapo hata akikaa kutwa hatamchosha mtu. Mzee akasema haya, amesikia. Tukaagwa kwa chai tuliyoinywa haraka, na mimi njiani nikawa nalaumu kila kitu mpaka jua.

Jumapili ikapita bila mgeni. Nilikuwa nimepanga viti tangu asubuhi, jioni nikavipangua. Muuguzi alikuja peke yake, akakaa na Taratibu uani, wakaongea kidogo. Sikuwasikiliza. Nilisikia tu kijana akisema atangoja, na binti akisema yeye pia, na nikafikiri kungoja huku kuna mwisho, hata kwa wenye subira.

Jumanne asubuhi Taratibu alikuwa anatengeneza milango ya kabati, nami napiga msasa kwenye benchi. Msumeno ulikuwa unanguruma. Nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa Mzee Hamjambo, koti lile lile, na alama za gundi ziko pale pale, maana hakuwa ameniletea nilifue. Nikamwona anafungua mdomo. Nikashika msasa kwa nguvu. Akaufumba. Akaivua kofia, akapita ukutani, mbali na meza, akaenda mpaka dirishani akasimama mahali alipoambiwa.

Taratibu alimwona. Najua alimwona kwa sababu mabega yake yalishuka kidogo, lakini macho hayakutoka kwenye ubao. Alimaliza kupasua, akazima, akangoja, akavua miwani, akaenda kumwinamia. Shikamoo, baba. Mzee hakuitika. Alielekeza kidevu kwenye mashine, maana yake endelea. Nikasema huyu hakuja kwa amani, amekuja kutafuta kosa.

Basi nikaomba kimya kimya, mtoto wangu, mwonyeshe.

Na akaonyesha, ingawa hakufanya lolote asilolifanya kila siku. Aliondoa reli, akaleta kipimo cha pembe, akakata vile vipande kwa urefu mmoja, kimoja baada ya kingine. Vipande vilivyodondoka kando ya diski hakuvigusa. Viliachwa hapo hapo mpaka meno yaliposimama, ndipo alipoviondoa. Baadaye akailaza diski upande, kwa ajili ya kingo za mshazari, na kabla ya kuwasha akaihamishia reli upande wa pili, ule ambao diski haikuinamia. Mzee alinitazama kama anayeuliza. Mashine ilikuwa imezimwa, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba diski ikiinamia reli, ubao unabanwa chini yake na hauna pa kutokea. Akakubali kwa kichwa. Akaanza kuegemea dirisha, anatazama kama alivyokuwa akitazama mizani ya sokoni.

Mwisho ilikuwa mifereji. Fremu ya mlango lazima ichimbwe mfereji ndani ya ukingo, ili ubao mwembamba wa katikati ukae. Huo si mkato wa kupita ng'ambo. Diski inashushwa mpaka inabaki urefu wa ukucha tu, na ubao unapita juu yake, unaifunika, huioni. Watu wengi huumia hapo, kwa sababu jicho likikosa hatari mkono unaisahau. Kifuniko cha diski kwa kazi hiyo hakiwezi kukaa, kwa hiyo Taratibu alifunga kwa klampu ubao mwingine wa kukandamiza fremu kwenye reli, akachukua kipande chenye mshikio cha kusukumia kutoka juu, akapitisha mara ya kwanza, akasogeza reli kidogo, akapitisha ya pili. Mgongo wake umenyooka, miguu imekaa imara, mikono yake mbali na mahali ambapo meno yamejificha. Sikuwa nimemwambia hata neno moja tangu asubuhi. Nilisimama na msasa wangu, machozi yamenijaa kwa fahari, nikisema moyoni kwamba hata mzee huyu akimkataa, asiyeuona uzuri wa kazi ile ana hasara yake mwenyewe.

Katikati ya mfereji wa fremu ya tatu ndipo alipoingia mleta mbao. Huyu ni kijana mpya wa mkokoteni, sauti kama ya muuza samaki, hajafundishwa taratibu za kwangu. Alitumbukia mlangoni akipaza hodi, hodi wenyewe, habari za hapa jamani. Nilikuwa mbali, upande wa pili wa benchi. Nikaanza kuzunguka na nikajua sitawahi.

Mzee Hamjambo ndiye aliyekuwa karibu. Hakuitika. Nilimwona kwa macho yangu, mtu yule aliyeishi kwa salamu, akipita kando ya ukuta kwa haraka ambayo sikudhani miguu yake inayo, kidole mdomoni, akamzuia kijana kwa kiganja kifuani na kumrudisha nje kinyumenyume. Nikatoka mlango wa uani nikazunguka, nikawakuta kwenye mkokoteni. Kijana alikuwa amenuna. Alikuwa akimwambia mzee kwamba yeye amesalimia vizuri, na hii ni nyumba gani ambamo mtu akisalimia anasukumwa.

"Ngoja," mzee alimwambia. "Mkwe wangu yuko kwenye msumeno."

Kijana alisema sawa, mzee, akakaa kwenye mkokoteni wake, na sisi wawili tukabaki tumesimama pale mlangoni bila kutazamana, tunasikiliza ngurumo. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kwa mpitisho wa mwisho, kisha swichi ikalia na sauti ikaanza kufifia. Mzee hakuingia. Alisubiri mpaka sauti ilipokwisha kabisa, hata ile ndogo ya mwisho ambayo watu wengi hawaisubiri.

Ndipo akaingia. Taratibu alikuwa amevua miwani, kuna mstari wa vumbi kuzunguka macho yake. Akaanza kuinama. Mzee akamshika bega, lile lile bega, akamzuia asiiname.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ya leo, na ya siku ile."